Risasi ya kuwindia nyati na pofu: ipi ununue kwanza

Kama una leseni ya uwindaji na kibali cha kumiliki silaha, na unataka bunduki moja tu ya kuwindia kuanzia swala pala mpaka nyati, nunua ya .375 H&H Magnum. Hilo ndilo jibu langu, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inaeleza sababu zake. Nyingine nne nimezipanga nyuma yake kwa sababu mahitaji ya watu hayafanani. Kuna ambaye hatawinda nyati maisha yake yote, kuna anayejifunza kazi ili awe mwindaji bingwa, na kuna aliyeachiwa bunduki na mzee wake na sasa anajiuliza kama bado inafaa.

Nazungumzia risasi za kati, yaani zile ambazo kichwa chake, ile sehemu inayoruka, kina kipenyo cha kama milimita 8.5 hadi kupita 10 kidogo. Namba kama .375 ni kipenyo hicho kwa inchi. Chini yake wako akina .308 na .30-06, juu yake wako akina .458 na .470 wa tembo.

Tuanze na sheria, maana ndiyo inayokata nusu ya mjadala. Tanzania wanyama hatari kama nyati, simba, kiboko na tembo wanadai bunduki isiyopungua .375. Bunduki inayojipakia yenyewe haikubaliki kwa uwindaji, na huruhusiwi kupiga mnyama ukiwa ndani ya meta 200 za gari. Kanuni hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo pita ofisi ya wanyamapori uzisome zilizopo kabla hujatoa hata senti. Msomaji wa Kenya anajua kwamba huko uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mwongozo huu utamfaa akija kuwinda kihalali upande wa pili wa mpaka.

Baada ya sheria, natazama mambo matatu: bega lako litavumilia teke la risasi gani na bado upige vizuri, risasi zenyewe zinapatikana wapi, na vichwa vya aina gani vinatengenezwa kwa kipenyo hicho. Kasi naiweka mwisho. Nyati haanguki kwa sababu risasi ilikuwa na kasi. Anaanguka kwa sababu kichwa kizito kilipita mfupa wa bega kikiwa kizima, kikafika kwenye moyo na mapafu.

1. .375 H&H Magnum

Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeiondoa kwenye nafasi yake Afrika. Kichwa chake cha kawaida ni cha greni 300, sawa na gramu 19.4, nacho hutoka mdomoni mwa mtutu kwa kama meta 770 kwa sekunde kikiwa na nguvu ya karibu jouli 5,800. Nguvu hiyo inamtosha nyati. Tembo pia inamtosha mikononi mwa mtu anayejua anachofanya, ingawa huko wengi wanataka kubwa zaidi.

Shika ganda lake mkononi ulitazame. Ni refu, milimita 72, na kiwiliwili chake kinapungua taratibu kutoka kwenye kitako mpaka kwenye bega la ganda, ambalo nalo limeinama kwa mteremko mdogo sana. Waliolibuni walitumia baruti ya kizamani ya nyuzinyuzi iitwayo kodaiti, na umbo hilo lililifaa. Faida yake leo ni nyingine. Ganda lililochongoka hivyo huteleza kutoka kwenye magazini hadi chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, bila kugonga popote, na baada ya kupiga huachia kuta za chemba upesi hata kama bunduki imeshinda juani. Pale nyati aliyejeruhiwa anapotoka kichakani meta 15 mbele yako, unachohitaji ni risasi ya pili iingie chemba bila kusita. Ule mkanda wa shaba kwenye kitako cha ganda watu husema ni wa kuongeza nguvu. Sivyo. Kazi yake ni kuzuia ganda lisizame chemba kupita kiasi, kwa sababu bega la mteremko namna ile haliwezi kulizuia peke yake.

Tangu mwanzo ilitolewa kwa vichwa vya uzito wa greni 235, 270 na 300, na bunduki nyingi hupiga uzito huo wote karibu sehemu moja bila kugusa darubini. Cha greni 270 kinaruka takriban kama .30-06 ya greni 180, kwa hiyo palahala aliyesimama meta 200 kwenye mbuga ya miombo hayuko mbali. Hata kile cha 300, ukikiweka sawa kwa meta 150, kitashuka kama upana wa kiganja kikifika meta 200. Hapo unalenga mwilini tu, huna haja ya kupandisha msalaba wa darubini juu ya mgongo.

Teke lake ni zito lakini linasukuma kuliko linavyochapa, na mtu wa kawaida analizoea akifundishwa vizuri. Risasi zake ni rahisi kupata kuliko za kipenyo kingine chochote cha ukubwa huu katika nchi za uwindaji. Mzigo wako ukipotea uwanja wa ndege, kambi karibu yoyote ya kitalu cha uwindaji itakuwa na boksi la tatu-saba-tano.

Ubaya wake upo. Ganda refu linataka bunduki yenye mwili mrefu, na bunduki hizo ni chache, ni nzito na ni ghali. Bunduki ya CZ 550, iliyokuwa kimbilio la wenye mfuko mdogo, imeacha kutengenezwa, kwa hiyo utaitafuta iliyotumika. Winchester Model 70 ni nzuri pia, hasa zenye ukucha mrefu wa kukamata ganda kwa mtindo wa Mauser.

2. 9.3x62

Hapa wengine watashangaa naiweka juu ya .375 Ruger. Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, aliitoa mwaka 1905 ikiwa imepimwa kuingia kwenye Mauser 98 ya kawaida, bunduki ambayo bei yake ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na za Waingereza. Ndiyo maana ilisambaa kwa walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani, pamoja na Tanganyika yetu kabla haijaitwa Tanganyika. Kichwa cha greni 286 kwa meta 720 kwa sekunde, jouli 4,800 hivi. Kwenye karatasi iko nyuma ya .375, lakini kwenye mwili wa pofu wa kilo 800 huoni tofauti, kwa sababu kichwa chake ni kirefu kwa kipenyo chake na kinapenya kwa kina. Teke lake ni jepesi kwa kiasi ambacho bega linakitambua tangu risasi ya kwanza, na bunduki yake ni nyepesi kubeba kutwa nzima.

Tatizo lake ni moja, nalo ni kubwa: kipenyo chake kwa inchi ni .366, chini ya .375. Usiinunue kwa matumaini kwamba afisa atafumba macho ukiwa unafuata nyati. Inunue kwa ajili ya pofu, korongo, tandala, pundamilia na kongoni. Kwa hao siijui iliyo bora zaidi. Kama mzee wako alikuachia 9.3 yenye mtutu mzuri, usiiuze.

3. .375 Ruger

Ruger na Hornady waliitoa mwaka 2007 wakiwa na wazo la maana: nguvu ya .375 H&H au zaidi kidogo, katika ganda fupi lisilo na mkanda, linaloingia kwenye bunduki ya urefu wa kawaida. Wamefanikiwa. Kichwa cha greni 300 kinafika kama meta 810 kwa sekunde, na bunduki zake ni za bei nafuu kuliko nyingi za H&H. Kipenyo chake kinatimiza sheria. Kama unaishi Marekani au Kanada na unakuja na risasi zako, inaweza hata kuwa chaguo lako la kwanza. Kwa anayeishi hapa, risasi zake ni za kutafuta, na hiyo ndiyo iliyoishusha. Bunduki isiyo na risasi ni mzigo wa kabati.

4. .416 Rigby na .416 Remington

Ya Rigby ni ya mwaka 1911, ya Remington ya 1988, na zote husukuma kichwa cha greni 400 kwa kama meta 730 kwa sekunde. Jouli 6,900. Kweli ziko mpakani mwa risasi za kati na kubwa. Kwa mwindaji bingwa, ambaye kazi yake ni kuingia kichakani kumaliza kilichojeruhiwa na mgeni, ningeziweka namba moja.

Kwa mtu wa bunduki moja hapana. Teke lake hufundisha watu wengi kufumba macho na kuvuta kifyatulio kwa kushtuka, na tabia hiyo ikishaingia inamfuata mtu hata akirudi kwenye .308. Wengine hufunga mdomoni mwa mtutu kifaa cha kupunguza teke. Nawasihi wasikitumie porini. Mlio wake unarudi nyuma na pembeni, na anayesimama pembeni ni mfuatilia nyayo, asiye na kinga ya masikio, ambaye msimu ujao atahitaji kusikia tawi likivunjika kichakani.

5. .338 Winchester Magnum

Ya mwaka 1958, ya Kimarekani, inayopendwa sana Alaska. Kichwa cha greni 250 kwa meta 810 kwa sekunde. Inapiga mbali na inapenya vizuri, ila haifiki kipenyo cha nyati, na teke lake ni kali na la ghafla kuliko la 9.3x62 inayofanya kazi ileile. Kama tayari unayo, itumie kwa pofu na palahala kwa amani. Kama huna, sioni sababu ya kuifuata.

Sasa kichwa cha risasi, ambapo watu hubana senti baada ya kumwaga mamilioni kwenye bunduki. Kwa nyati nunua kichwa laini kilichoungwa, yaani madini ya risasi yaliyo ndani yameshikamana na ngozi ya shaba isiachane ikigonga mfupa, kama Swift A-Frame, au cha shaba tupu kama Barnes TSX. Nosler Partition, ambayo ina ukuta katikati unaozuia nusu ya nyuma isisambaratike, bado ni nzuri kwa swala wakubwa. Vichwa vigumu visivyofunguka weka kwa risasi za kufuatia, anapokupa mgongo akikimbia, na usivitumie nyati akiwa ndani ya kundi, kwa sababu hupita na kumjeruhi wa nyuma. Nunua boksi tatu za aina moja kwa wakati mmoja. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu kilo 5 za risasi kwa abiria, na risasi 60 za .375 zinaingia humo bila shida.

Boksi mbili kati ya hizo zimalizie kwenye shabaha, na usipige ukiwa umekaa mezani. Simama, egemeza kwenye vijiti vitatu, piga, pakia, piga tena. Chora nyati wa ubavuni kwenye boksi la kadibodi na uweke alama ya moyo theluthi ya chini ya mwili, juu ya mguu wa mbele. Wengi huiweka juu mno mpaka waoneshwe.

Ukinunua bunduki iliyotumika, omba muuzaji akuruhusu kuijaza risasi za mazoezi zisizo na baruti, zenye urefu uleule wa kichwa utakachotumia. Sukuma bolti, kile kipande cha kuingizia risasi chemba, kwa nguvu, kisha polepole, kisha bunduki ikiwa imelalia ubavu. Risasi ya mwisho kwenye magazini ndiyo mara nyingi hukwama. Ikikwama hata mara moja, mrudishie bunduki yake mkiwa bado hapohapo dukani.