Miezi minane na Vivaldi, kivinjari kilichoniwekea kazi mahali pamoja

Kazi yangu ni kutafsiri, na mtafsiri hafungui ukurasa mmoja akatulia. Kuna matini yenyewe, kamusi mbili tatu, orodha ya istilahi za mteja, barua pepe, na kurasa za kuhakikisha kwamba neno fulani kweli ndilo wanalolitumia wenye fani yao. Kwenye kivinjari changu cha zamani, ikifika adhuhuri vichupo (vile vijisanduku vya juu, kimoja kwa kila ukurasa uliofunguliwa) vimebanana hadi majina hayasomeki. Unabofya kimoja, sicho. Unabofya cha pili, sicho. Siku moja nikafunga dirisha zima kwa bahati mbaya katikati ya kazi ya haraka, na jioni ile ile nikapakua Vivaldi.

Kilichonifanya nibaki nayo ni kugawa skrini. Nashikilia Ctrl, nachagua kichupo cha matini na kile ninachoandikia tafsiri, nabofya kulia, naviamuru vikae ubavu kwa ubavu. Kushoto nasoma, kulia naandika, na mpaka wa katikati nausogeza nitakavyo. Sentensi ndefu yenye vishazi vinne sasa naifuata kwa jicho hadi mwisho. Zamani nilikuwa naisoma, nahamia kwenye tafsiri, na kishazi cha tatu kimeshanitoka kichwani. Huenda wengine wakaliona jambo dogo, lakini mimi ndivyo ninavyofanya kazi kutwa nzima.

Vichupo vingine nimevirundika: unaburuta kimoja, unakidondosha juu ya mwenzake, vinakuwa fungu moja na unalipa jina. Kila mteja ana fungu lake. Upau wa vichupo nimeuhamishia kushoto, kwa sababu skrini ya kompyuta ni pana kuliko ilivyo ndefu, na majina ya kurasa sasa yanasomeka. Ukiutaka juu, chini au kulia, hiari yako.

Nikikuta istilahi nzuri naichagua, nabofya kulia, inaingia kwenye madokezo ya pembeni pamoja na anwani ya ukurasa ilikotoka. Mteja akiuliza neno nimelitoa wapi, jibu ninalo. Na F2! Ukiibonyeza unapata kisanduku cha kuandikia. Andika neno moja na kitakutafutia vichupo vilivyo wazi, alamisho (kurasa ulizozihifadhi) na historia kwa mpigo.

Aliyeianzisha Vivaldi, Jon von Tetzchner, ni mmoja wa waasisi wa kivinjari cha Opera. Opera ya zamani ilikuwa na wapenzi waliotaka kupanga kila kitu kwa mkono wao, na ilipohamia Chromium, msingi ule ule ulio chini ya Chrome ya Google, mwaka 2013 mengi waliyoyazoea yaliachwa. Vivaldi 1.0 ilitoka Aprili 2016 ikiwalenga hao, na ukiitumia wiki moja unaelewa kwa nini wanaoshinda mbele ya kompyuta wanazidi kuvutiwa nayo. Nayo imejengwa juu ya Chromium, kwa hiyo viendelezi vya Chrome, yaani programu ndogo za kuongezea kwenye kivinjari, vinafanya kazi; changu cha kukagua tahajia nilikisakinisha bila shida.

Mipangilio ni mingi mno. Usijaribu kuimaliza siku ya kwanza. Rekebisha kile kinachokusumbua leo, kesho utaongeza kingine. Kizuia matangazo na vifuatiliaji (vinavyoandama nyendo zako mtandaoni) kimo ndani, unachagua mwenyewe kiwango.

Ukitaka simu na kompyuta zishirikiane, data husimbwa, yaani hugeuzwa fumbo, kabla ya kuondoka kwenye kifaa chako, kwa nywila unayoijua wewe peke yako. Iandike mahali salama, maana ukiisahau hakuna wa kukufungulia.

Jambo moja kwa wale wanaotaka programu huria tupu, ambazo yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha msimbo wake: msimbo wa kiolesura cha Vivaldi, sehemu unayoiona na kuibofya, si huria. Kama kwako hilo ni sharti, basi tazama Firefox.