Kiendeshi cha juu cha kujiundia kwa ukerezaji wa nakshi: uzoefu wangu

Kwenye ukerezaji wa nakshi, yaani kuchonga mapambo kwa mashine ya kukereza, kipande cha mti husimama tuli, kimefungwa kwa sahani ya kugawia (sahani ya kugawa duara katika sehemu sawa); kinachozunguka ni kisu kidogo kilichopanda kwenye sleji, yaani kibebeo kinachoteleza kwenye mashine. Kiendeshi cha juu, yaani mkanda na puli zinazoning'inia juu ya mashine, kinapaswa kukizungusha kisu hicho popote sleji inapokwenda, bila kuivuta wala kuitikisa. Hiki nilichojiundia kinafanya hivyo, ila si tangu siku ya kwanza.

Umbo lenyewe ni rahisi: boriti ya bomba la mraba la mm 40, sm 90 juu ya mhimili wa mashine, na mkono wa sm 60 unaobembea katikati. Mbele ya mkono kuna puli mbili za kupitishia mkanda, nyuma kuna uzito. Boriti nimeifunga ukutani, si kwenye meza ya mashine, kwa sababu mtetemo wa mota hujichora kwenye mti kama vimistari; havionekani mpaka umulike kwa pembeni.

Mwanzo niliweka springi badala ya uzito. Kosa. Springi hukaza zaidi kadiri inavyovutika, kwa hiyo sleji ikifika mwisho wa safari mkanda huwa umekaza kupita kiasi, kichwa cha kisu kinainuka kidogo na kina cha mkato hubadilika. Uzito huvuta karibu sawasawa muda wote. Anza na kilo 1, usogeze taratibu kuelekea katikati ya mkono mpaka mkanda uanze kuteleza kisu kikiwa kinakata, kisha urudishe nyuma kidogo. Mkazo wa ziada unapasha moto beringi tu, haukusaidii kitu.

Mota ya cherehani ya nyumbani siipendekezi: ikipata mzigo inapoteza kasi, na ikikaa muda mrefu inachemka. Mota ya mizunguko 1,400 kwa dakika yenye puli ya mm 150, ikiendesha puli ya mm 40 kwenye kisu, hutoa takriban 5,250, inatosha kabisa kwa kutobolea. Kwa kisu kinachochora duara kubwa napunguza hadi puli mbili zinazolingana.

Mkanda ni wa polyurethane, wa duara, mm 5. Ukate mfupi kwa asilimia 5 hivi kuliko njia yake, ncha ziwe mraba kabisa. Gusisha ncha zote mbili kwenye bapa la chuma la moto mpaka ziyeyuke, zibane pamoja haraka na usizitikise mpaka zipoe. Kisha punguza uvimbe wa kiungo kwa kikata kucha. Ukiuacha, kila ukipita kwenye puli utasikia tak, na mti utauonyesha.

Bado kuna kero moja: nikigeuza kichwa cha kisu nyuzi 90, mkanda huruka nje ya puli za juu. Puli hizo zinahitaji kujigeuza zenyewe kwenye pini, kama gurudumu la kitoroli. Zangu zimekaza, na ndiyo sehemu pekee ninayokusudia kuijenga upya.