Darasa la kuchora kwa simu: miezi yangu mitatu

Mwanangu ndiye aliyenilipia. Aliona tangu nistaafu ualimu kazi yangu ni kukaa barazani hapa Mikindani, kuhesabu bodaboda na kulalamika. Darasa ni la wenye miaka 60 na kuendelea, shilingi 15,000 kwa mwezi: video mbili kwa wiki kwenye kundi la WhatsApp, na Jumamosi saa kumi jioni mnaonyeshana kazi mubashara.

Kero kwanza. Video ni nzito, bando la wiki linakata Jumatano. Nimelalamika mara mbili ndipo wakaanza kutuma na picha za hatua kwa hatua. Mwalimu ni kijana, anachora kama anafukuzwa. Mimi hadi nipate miwani, yeye keshamaliza. Rangi za maji walizotaka sikuzipata Mtwara. Lakini Tingatinga, mtu wa huku kusini, si alichorea rangi za baiskeli? Nikachukua rangi za nta za mjukuu.

Wiki ya tano tukaambiwa tuchore tunda la kwetu. Mwezi wa kumi Mikindani, utachora nini kama si bibo, tunda la mkorosho? Nimeokota korosho tangu utotoni, ila kulitazama namna ile, hata siku moja. Wekundu wake ulififia kuwa njano upande mmoja. Nikatoka hadi kwenye mkorosho wa uani, nikakuta tawini korosho changa za kijani zimeshakuwa kubwa, na bibo lenyewe halijafikia kidole gumba. Kumbe korosho hutangulia, bibo hufuata! Na umri wangu wote huu.

Jumamosi mzee mmoja wa Bukoba akaniambia kwa upole, "Mama, mbegu umeisahau nje." Nilicheka hadi miwani ikadondoka. Nikamweleza yote, mpaka uraka, ile pombe ya mabibo. Juma lililofuata akachora mbuni, mti wa kahawa, zamu yangu ikawa kuuliza maswali ya kijinga.

Presha? Ileile, na vidonge nameza kama kawaida. Atakayekuuzia darasa hili kama dawa, mkimbie. Mwalimu hupenda kutaja ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2019, iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Sawa. Mimi najua tu kwamba Ijumaa usiku nalala nikiisubiri kesho, jambo nililolisahau tangu baba watoto afariki.

Mwezi wa nne nimelipa mwenyewe, kwenye pensheni.