Kalamu za Pigma Micron kwenye safu za milima: chukua namba tatu, acha boksi zima

Habari zenu watazamaji, karibuni tena mezani. Leo nina kalamu za Pigma Micron, zinatengenezwa na kampuni ya Sakura ya Japani, na nitazipima kwa kazi moja tu: kuchora safu ya milima kwenye ramani ya bara la kubuni. Nimechagua milima makusudi. Ramani nyingi za ulimwengu wa kubuni zinazochorwa na vijana wetu zina pwani nzuri, visiwa vinavutia, majina yametulia, lakini ukifika katikati ya bara unakuta pembetatu zimepangwa kama meno ya msumeno, zote kimo kimoja. Ramani yote inaharibikia hapo.

Tuanze na kalamu zenyewe. Namba zilizoandikwa kwenye kifuniko zinawachanganya wengi. Namba 005 inatoa mstari wa milimita 0.20, namba 01 ni milimita 0.25, na namba 05 ni milimita 0.45. Kwa hiyo 005 na 01 zinakaribiana sana, na 05 na 08 vilevile, maana 08 ni milimita 0.50 tu. Shikeni hilo, tutalirudia tukifika kwenye bei.

Sasa wino. Tazameni hapa: nimepiga mstari, nimeuacha ukauke, napitisha brashi yenye maji juu yake. Umeona? Hautawanyiki. Ni wino wa chembe za rangi, ukishakauka maji hayaugusi, na jua haliufifishi upesi. Kwa mchora ramani hilo ni jambo kubwa, kwa sababu utataka kupaka rangi ya maji juu ya milima yako: kijani mabondeni, kahawia miteremkoni. Ukifanya hivyo juu ya wino wa kawaida wa maji, safu nzima inageuka tope.

Lakini kalamu nzuri haitakuchorea mlima mzuri kama hujajua mlima wako umetoka wapi. Kwa hiyo kabla ya kufungua kifuniko, chukua penseli ujiulize: hapa ardhi ilifanywa nini?

Ardhi inakaa juu ya mabamba makubwa yanayosogea polepole. Bamba la bahari likizama chini ya bara, milima inajipanga kandokando ya pwani. Hiyo ndiyo Andes: karibu kilomita 7,000 za milima zinafuata ukingo wa magharibi wa Amerika Kusini, na volkano zimo ndani yake. Mabara mawili yakigongana, milima inainuka ndani kabisa, mbali na bahari. Hiyo ni Himalaya. India ilianza kuisukuma Asia yapata miaka milioni 50 iliyopita na bado inasukuma. Kwa hiyo kama safu yako imekatiza bara kona hadi kona bila sababu, jicho linakataa, hata la mtu ambaye hajasoma jiografia.

Na msidhani kila mlima lazima uwe kwenye safu ndefu. Nendeni Mombo, simameni barabarani mtazame juu Usambara. Ukuta unapanda ghafla kutoka tambarare, halafu juu kuna nchi nzima, mashamba na vijiji hadi Lushoto. Pare, Usambara, Uluguru, Udzungwa: ni matofali ya miamba mikongwe yaliyoinuliwa kwenye nyufa, na kati ya moja na jingine kuna tambarare. Ukichora namna hiyo kwenye bara lako, unapata mapito, unapata mahali pa kupitisha misafara, na jamii mbili zinazoweza kukaa karibu zisifahamiane. Kilimanjaro nayo ni habari nyingine: volkano, mita 5,895, imesimama peke yake. Mlima wa aina hiyo uweke mmoja au miwili kwenye bara zima. Ukiweka kumi, hakuna atakayeutazama hata mmoja.

Haya, tuchore. Sogezeni macho.

Siku zote naanza na mgongo, yaani mstari wa juu kabisa unaofuata safu, vilele baadaye. Penseli inapita ikipinda, inashuka pale ninapotaka pito, inapanda tena. Kutoka kwenye mgongo natoa matuta ya pembeni yanayoshuka kushoto na kulia, ila yapishane. Tuta la kushoto lisitoke mahali palepale linapotoka la kulia. Vilele virefu nakusanya sehemu mbili tatu, na kuelekea miisho ya safu nashusha kimo mpaka vinakuwa vilima. Safu haikatwi ghafla, inafifia.

Sasa wino, na anza na milima ya mbele, yaani ile iliyo upande wa chini wa karatasi. Wino haufutiki. Ukianza na ya nyuma, mistari yake itapita ndani ya ile ya mbele na huna la kufanya.

Namba 05 naitumia kwa mgongo mkuu na ukingo wa upande wa kivuli peke yake. Namba 01 inachora matuta ya pembeni. Halafu 005 inafanya michirizi ya kivuli. Mwanga nauleta kutoka juu kushoto, kwa hiyo kivuli kinaangukia kulia. Huo ndio utaratibu uliozoeleka wa wachora ramani, na una sababu: mwanga ukitoka upande wa chini wa karatasi, macho ya wengi yanasoma mlima kuwa bonde. Mchirizi wenyewe ufuate njia ambayo maji yangeshuka. Angalieni huu mmoja: nauanzia mgongoni, nakandamiza kidogo, naushusha huku nikiinua mkono, unaishia kwa uzi mwembamba. Mjerumani Johann Georg Lehmann aliuwekea utaratibu huu kanuni mwaka 1799: mteremko ukiwa mkali, michirizi inanenepa na sehemu inakuwa nyeusi zaidi, mteremko ukiwa mpole, inakuwa myembamba na weupe unabaki. Ni ya zamani, na kwa 005 inatoka vizuri mno. Hapa kalamu hii inastahili sifa zote.

Upande wa mwanga uacheni mtupu. Nawaomba sana. Weupe wa karatasi ndio jua lenyewe.

Udhaifu upo. Ncha ya 005 ni laini. Mwenye mkono mzito ataibonyeza ndani na mstari utaanza kukwaruza. Kwenye manila ya kawaida ya dukani mstari unanenepa kidogo kwa sababu karatasi inanyonya, na karatasi yenye mikwaruzo inaila ncha haraka. Tafuteni karatasi nzito iliyo laini. Ufutio nao unapunguza weusi wa wino, kwa hiyo mistari ya penseli iwe hafifu tangu mwanzo. Na kalamu hizi hazijazwi wino, ukiisha, umeisha. Uni Pin za Mitsubishi Pencil zina wino wa aina hiyohiyo usioogopa maji, na kama ndizo zilizopo dukani kwenu, chukueni bila wasiwasi.

Kabla sijamaliza safu hii, mito. Inaanzia mgongoni, inaungana ikishuka, haigawanyiki njiani. Tazameni Kikuletwa na Ruvu: zinakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, zinakuwa Pangani moja hadi Bahari ya Hindi. Na upande unaopokea upepo wa bahari chora misitu, nyuma ya mlima weka ukame. Amani, kwenye Usambara ileile, kuna msitu mnene, Mkomazi nyuma yake ni nyika kavu. Mlima mmoja, nchi mbili.

Bei sasa. Boksi la kalamu sita linavutia, lakini nimewaonyesha namba zinavyokaribiana. Nusu ya boksi itakaa bila kazi. Nunueni moja moja: 005, 01 na 05. Mkipata nafasi ya kalamu ya nne, iwe 005 nyingine, maana ndiyo inayochora mistari mingi kuliko zote na ndiyo itakayoisha mapema. Anayejifunza bado matuta na kivuli achukue penseli na karatasi za bei rahisi kwanza, hizi zitamsubiri. Aliyekwisha kuujua mgongo wake unapita wapi, kwa 005 hii atachora bara zima, na mimi naipendekeza kwa moyo wote.