Fundi aliyekataa kugusa ski zangu mpaka aone mabuti

Nilifika kwa fundi huyu nikiwa na ski, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji, begani na goti la kushoto linaloniuma. Haja yangu ilikuwa moja tu: anilegezee baindingi, vile vifungio vinavyoshika buti kwenye ski. Hakushika hata bisibisi. "Mabuti yako wapi, mama?" Nikamwambia nimeyaacha nilikofikia. "Kayalete kwanza. Bila buti sina cha kupima."

Nilikasirika, sifichi, maana ilikuwa safari ya kurudi kwa miguu kwenye theluji. Leo namsifu kwa neno hilohilo.

Ski zile alinipa shemeji yangu alipoacha kuzitumia. Zilikuwa na urefu wa sentimita 166. Mimi nina sentimita 161, kilo 62, umri miaka 52, na ninateleza kwa tahadhari. Msimu uliopita nilizipeleka duka jingine wanirekebishie. Mhudumu aliniuliza uzito tu, akazungusha skrubu mbili, akabana buti, "tak", akanirudishia. Dakika tano. Hakuniuliza umri, wala hakulipindua buti kutazama chini.

Siku ya nne nilianguka. Nilikuwa kwenye mteremko mpole kabisa, mwendo wa mtu anayetembea sokoni. Ski ya kushoto ikanasa kwenye theluji laini, mwili ukaenda kulia, mguu ukabaki pale ulipo. Baindingi haikufunguka. Goti lilivimba, nikakaa wiki tatu bila kulikunja vizuri. Watu hudhani kuanguka kwa kasi ndiko kubaya, lakini anguko la polepole ndilo baindingi huweza kulikosa, kwa sababu nguvu inajipindapinda taratibu mguuni bila kufikia kiwango cha kufungua.

Basi nikarudi na mabuti. Fundi akalichukua la kushoto, akalipindua, akalifuta tope kwa kitambaa. Ubavuni pa kisigino pameandikwa 275 mm. Huo ni urefu wa soli, si namba ya mguu. Mguu wangu ni 23.5 kwa kipimo cha Mondopoint, ambacho ni urefu wa mguu kwa sentimita. Watu wawili wenye namba moja ya mguu wanaweza kuwa na soli za urefu tofauti, kutegemea aliyetengeneza buti, na baindingi inaijua soli tu.

Kisha akanionyesha chapa ndogo iliyokuwa pembeni mwa soli: GripWalk. Hiyo ni soli yenye mpira, imepinda kidogo mbele ili mtu aweze kutembea. Baindingi za shemeji ni za zamani, zimetengenezwa kwa soli bapa ngumu ya kiwango cha kimataifa cha ISO 5355. Chini ya ncha ya buti kuna kibao laini ambacho soli inapaswa kuteleza juu yake pale mguu unapopinda. Fundi akaliweka buti pale, akalibana, akalisukuma ncha kwa kiganja kutoka ubavuni. Nilisikia mpira ukikwaruza, na buti likagoma. Akarudia upande wa pili, likagoma vilevile.

"Hata nikikulegezea skrubu mpaka mwisho, hizi sitakurekebishia kwa buti hili."

Nilitazama kile kibao kwa muda. Kipana kama kidole gumba, kina mikwaruzo myeusi ya mpira wa buti langu. Goti langu lilikuwa limeandikwa pale tangu msimu uliopita na hakuna aliyekuwa amelisoma.

Hapo ndipo tukaingia kwenye suala la urefu, kwa kuwa sasa nilihitaji ski nyingine, na huduma hii inajumuisha kukusaidia kuchagua. Nilikuja na kanuni niliyofundishwa na shemeji, kwamba ski izidi kichwa. Kanuni hiyo ilikuwa na maana enzi za ski zilizonyooka. Za leo zina kiuno, yaani ni nyembamba katikati na pana kwenye ncha na mkia, hivyo ukizilaza ubavuni zinakata pinde zenyewe. Kwa anayeanza au anayeteleza polepole, urefu unaofika kati ya kidevu na pua unatosha. Anayependa kasi anapanda mpaka paji la uso au zaidi. Hata hivyo fundi alisisitiza uzito kuliko kimo, kwa sababu ski haijui wewe ni mrefu au mfupi. Inachojua ni uzito unaoikunja. Mtu mwepesi juu ya ski ndefu ngumu haikunji, na ski isiyokunjika haigeuki.

Kuna jambo alilofanya ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Alichukua ski mbili za jozi moja akazibananisha matumbo, uso kwa uso. Katikati kulikuwa na nafasi, mwanga ukapenya. Akaziminya kwa mkono mmoja mpaka zikagusana, akasema uzito wangu nikisimama unafanya kazi hiyo ya kuminya. Halafu akanionyesha jozi nyingine ambazo ncha zake zilikuwa zimeanza kuachana mapema, karibu shibiri mbili kabla ya mwisho. Hizo ni zile zenye ncha iliyoinuliwa. Zikiwa juu ya theluji ngumu, sehemu inayouma theluji ni fupi kuliko namba iliyoandikwa, ndiyo maana mtu hushauriwa aongeze sentimita kadhaa akichagua za aina hiyo. Tangu siku hiyo siiamini namba ya urefu peke yake.

Tukafikia ski za sentimita 150, kiuno milimita 72, nusukipenyo cha kona mita 12. Namba hizi zote huandikwa kwenye mkia au mbele ya baindingi, tafuta herufi R. Mita 12 maana yake ski inapenda kona fupi. Zile za shemeji zilikuwa mita 16 na nilikuwa nikizilazimisha kila mara. Kiuno chembamba kinahama haraka kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine kwenye njia zilizosawazishwa, na huko ndiko ninakoteleza. Angekuwa mtu wa theluji yenye kina isiyoguswa ningemwambia atafute kiuno cha milimita 100 au zaidi. Bei sitaizungumzia.

Kurekebisha baindingi sasa. Hapa alikaa nami kama dakika arobaini, na ndiyo sehemu ninayotaka watu waielewe.

Aliandika mambo matano kwenye fomu: uzito, kimo, umri, urefu wa soli, na aina ya utelezaji. Uzito alinipima kwa mizani, hakutaka wa kukisia. Aina ya utelezaji ni tatu. Ya 1 ni ya tahadhari, mwendo mdogo na miteremko mipole. Ya 3 ni ya kasi na miteremko mikali. Ya 2 ipo katikati. Alinieleza wazi kwamba nikijitaja wa 1 ninakubali baindingi inaweza kunifungukia hata pale nisipotaka, na nikijikweza kuwa wa 3 ninakubali mguu ushikwe zaidi. Akaniacha nichague mwenyewe. Nilisema 1.

Kwenye jedwali la kupanga nguvu ya kufungua, uzito wangu na kimo changu viliangukia mstari mmoja. Visingelingana angechukua mstari wa thamani ndogo. Halafu, kwa sababu nimevuka miaka 50, akapanda mstari mmoja juu, kwenye thamani ndogo zaidi. Ndicho duka la kwanza halikuuliza. Baindingi za zamani zilikuwa kwenye 6.5 ya DIN, namba ya nguvu inayohitajika ili baindingi ifunguke. Hizi mpya aliziweka kwenye 4.

Namba hiyo husomwa kwenye dirisha dogo la plastiki, moja mbele na moja nyuma. Fundi anatumia bisibisi ya Pozidriv namba 3, kwa sababu msalaba wa skrubu zile si ule wa kawaida na bisibisi nyingine huzila. Lakini namba si yote. Kipande cha nyuma kinapaswa kulisukuma buti mbele kwa nguvu maalum, na kuna alama nyuma yake inayoonyesha kama nguvu hiyo iko sawa. Kwenye zangu ni ulimi wa chuma unaopaswa kukaa usawa na ukingo wa kasha. Kwa mara ya kwanza ulikuwa umezama ndani karibu unene wa sarafu. Akasogeza kipande cha nyuma tundu moja kwenye reli, akabana buti tena, ulimi ukasimama usawa. DIN 4 ikiwa ulimi umekaa vibaya si 4 ya kweli.

Mwisho akaifunga ski kwenye mashine, akaingiza mguu wa bandia ndani ya buti, akausokota kushoto na kulia mpaka baindingi ikafunguka, kisha akauinamisha mbele mpaka kisigino kikaruka. Alirudia kila upande na kuandika vipimo kwa nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kusokota. Nilipewa nakala.

Alikuwa mkweli pia kuhusu mipaka ya kifaa. Tangu Hjalmar Hvam, Mnorwei aliyehamia Marekani, alipobuni baindingi ya kujifungua baada ya kuvunjika mguu mwaka 1937, kuvunjika muundi kumepungua sana. Kano za goti hazijapata ulinzi kama huo. Sikutoka pale nikiambiwa sasa niko salama, na nilithamini hilo.

Malalamiko ninayo. Nilisubiri siku mbili kupata nafasi, na hakuna aliyenieleza kwa simu kwamba mabuti ni lazima. Wangesema sentensi moja tu. Breki ya ski ya kulia, vile vijiti vinavyoizuia kuteleza peke yake ikivuka, ilikuwa ikigusa ukingo wa chuma ikiinuka, nikaigundua mwenyewe juu mlimani kwa mlio wake. Waliikunja vizuri jioni bila kunung'unika, lakini kwa fundi mwenye macho vile nilitegemea aione kabla yangu. Na mwandiko wa ile nakala unahitaji tochi.

Siku ya tatu nilianguka tena, anguko lilelile, polepole, ski ya kushoto ikanasa. Nilisikia "tak" moja na mguu ukawa huru. Ski ilibaki nyuma yangu hatua nne, breki zimechomeka kwenye theluji. Nilikwangua barafu chini ya soli kwa fimbo kabla ya kuvaa tena, kama alivyonielekeza, kwa sababu barafu kidogo tu pale huinua buti na kuharibu kila alichopima.

Wiki ijayo nampeleka mjukuu wangu kwa fundi huyo. Ana miaka 9, na watoto wa umri huo na chini yake nao hupandishwa mstari mmoja kama sisi tuliovuka 50. Mwaka jana mguu wake ulikuwa 19.5, sasa ni 21.5, kwa hiyo soli imebadilika na uzito pia. Safari hii mabuti yanatangulia kuingia kwenye mfuko.