SMART kwa kufuatilia vifo vya wanyamapori: ichukue, ila fumua fomu ya mizoga kwanza

SMART ni programu ya kusimamia doria. Haiuzwi. Hupakuliwa bure, na imetengenezwa na muungano wa mashirika ya uhifadhi yakiwemo WCS, WWF, ZSL na Frankfurt Zoological Society. Inatumika katika maeneo zaidi ya 1,000 duniani, na katika ukanda wetu huu hifadhi nyingi tayari zinayo kwenye kompyuta ya ofisi, ikihesabu mitego ya waya na kilomita za askari. Hapa tunaipima kwa kazi nyingine: kubaini mapema kwamba wanyama wanakufa kwa ugonjwa, sumu au ukame, na kumwonyesha daktari wa wanyamapori aanzie wapi.

Kazi hiyo inaiweza, tena vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Lakini ukiitumia na fomu zilezile za ujangili, utakusanya orodha ndefu ya mizoga isiyosema lolote kuhusu kilichowaua wanyama hao.

Kilicho bora ndani yake ni kumbukumbu ya mwendo wa doria. Nyati sita waliokufa ndani ya mwezi ni habari isiyo na uzito mpaka ujue askari walitembea kiasi gani. Sita katika kilomita 900 ni chini ya mzoga mmoja kwa kila kilomita 100. Sita katika kilomita 120 ni mitano kwa kila kilomita 100, na hapo hupaswi kulala bila kumpigia daktari. Kundi la WhatsApp, ambalo ndilo mfumo halisi wa taarifa katika vituo vingi, linaleta picha kwa haraka sana, ila haliwezi kukutofautishia bonde lililotembelewa likawa salama na bonde ambalo hakuna aliyekanyaga. SMART inaweza, kwa sababu njia ya doria inajirekodi yenyewe hata pale askari asipoandika chochote.

Mfumo una sehemu tatu. Ya kwanza ni programu ya kompyuta, ambayo inafanya kazi bila intaneti na ndiyo inayohifadhi data, kutengeneza fomu na kutoa ripoti. Ya pili ni SMART Mobile, ya simu za Android na iPhone. Ya tatu ni SMART Connect, seva inayopokea taarifa kutoka simu mojamoja kupitia mtandao na kuonyesha tahadhari kwenye ramani. Mbili za kwanza zinatosha kuanzia. Connect inahitaji seva ya kulipia na mtu wa kuitunza, na kituo kisicho na mtu huyo kitajikuta na seva iliyozima kimya bila yeyote kujua. Lakini bila Connect lazima upange kwa mkono jinsi taarifa itakavyofika haraka, maana vituo vingi hupakua data kutoka kwenye simu mwisho wa mwezi. Kwa vifo vya ghafla, mwisho wa mwezi umechelewa mno. Mwezi Mei 2015 huko Kazakhstan, swala wa saiga zaidi ya 200,000 waliteketea kwa muda wa wiki tatu hivi kwa bakteria wa Pasteurella. Kwa hiyo weka kanuni: mzoga wowote usio na jeraha, au mizoga miwili ya spishi moja katika doria moja, unatangazwa kwa redio ya upepo papo hapo, na simu inapakuliwa siku hiyohiyo doria inaporudi.

Sasa fomu. Nyingi zilizopo vituoni zilirithiwa kutoka kazi ya ujangili. Chini ya “mnyama aliyekufa” huuliza spishi, idadi, jinsia, umri wa mzoga, kisha “chanzo cha kifo”, na majibu ya kuchagua huwa ujangili, kifo cha asili, ajali au haijulikani. Hapo ndipo taarifa inapopotea. Askari aliyekuta nyati mwenye pembe zake zote na asiye na jeraha atabonyeza “asili”, na kwa mbonyezo huo kimeta, ukame, radi na sumu vinatiwa kapu moja. Ondoa kabisa swali la chanzo kwenye simu. Libaki kwenye kompyuta, lijazwe na daktari majibu ya maabara yakirudi. Askari aulizwe alichokiona tu, kwa maswali mafupi ya ndiyo au hapana, na kwenye simu kila dalili iwe na swali lake:

– Je, kuna damu puani, mdomoni au njia ya haja kubwa? Je, ni nyeusi na haijaganda?
– Mzoga umevimba? Miguu imekakamaa?
– Kuna jeraha, waya, au pembe ndovu iliyokatwa?
– Kuna tumbusi, fisi au simba waliokufa karibu? Kuna nzi wengi waliokufa juu ya mzoga au pembeni yake?
– Mizoga iko chini ya mti mmoja, na bado kuna majani mdomoni?
– Maji ya karibu ni ya kijani au yana utando?
– Kuna wanyama hai wanaoyumba, wenye degedege, wanaotokwa makamasi, au waliokonda mno?

Maswali haya yanatenganisha mambo mengi hata kabla ya maabara. Damu nyeusi isiyoganda, kuvimba haraka na miguu isiyokakamaa vinaelekeza kwenye kimeta. Tumbusi na nzi waliokufa juu ya mzoga ni alama ya sumu, mara nyingi dawa za kuua wadudu wa mashambani kama carbofuran, na hapo kazi inakuwa ya polisi pamoja na daktari. Majani mdomoni chini ya mti mmoja, baada ya mvua ya radi, yanaelekeza kwenye radi. Degedege kwa simba liandikwe hata kama hakuna mzoga: mwaka 1994 ugonjwa wa distempa wa mbwa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na dalili za mishipa ya fahamu zilionekana kwa simba waliokuwa bado hai.

Swali la umri wa mzoga nalo litengenezwe upya. Madaraja yanayotumika katika sensa za tembo kutoka angani huita “mbichi” mzoga wa hadi takriban mwezi mmoja. Kwa kuhesabu tembo yanafaa, kwa maabara hayana msaada, kwa sababu kwenye joto letu mzoga wa siku mbili tayari umeharibika kiasi cha kuzuia vipimo vingi. Tumia madaraja manne yanayoonekana kwa macho: macho bado mazima na hakuna funza, kuna funza, ngozi imekauka, mifupa tu. Daraja la kwanza peke yake ndilo linalostahili kumtoa daktari mjini usiku. Botswana mwaka 2020 ilipoteza tembo wapatao 330 kaskazini mwa delta ya Okavango, wengi wakiwa na pembe zao, jambo lililofanya ujangili wa kawaida uondolewe mapema kwenye orodha. Hata hivyo miezi ilipita hadi Septemba, serikali ilipotangaza kuwa ni sumu ya sainobakteria, yaani mwani wa kijani-buluu, kwenye maji. Ndiyo maana swali la maji lipo kwenye fomu, na ndiyo maana chupa ya sampuli ya maji iwepo kwenye begi.

Kuna kitu programu haiwezi kukufanyia: kumzuia mtu asipasue mzoga. Jina la ukurasa wa mzoga kwenye fomu liandikwe “USIPASUE, USIGUSE BILA GLOVU”, lionekane kabla ya swali la kwanza. Mzoga wa kimeta ukiachwa mzima, bakteria walio ndani hufa kwa siku chache kadiri unavyooza; ukipasuliwa, hewa inawafanya watengeneze mbegu zinazodumu udongoni kwa miaka mingi. Kuvunja mfupa ili kutazama uboho, njia ya kawaida ya kupima njaa wakati wa ukame, lazima kusubiri mpaka kimeta kiondolewe kwanza. Hatari hii si ya vitabuni. Aprili 2025 viboko zaidi ya 50 walikufa kwa kimeta upande wa hifadhi ya Virunga, Kongo, kwenye mto Ishasha na Ziwa Edward. Hifadhi ya Queen Elizabeth, ng'ambo ya Uganda, ilipoteza viboko wapatao 300 kati ya mwaka 2004 na 2005. Vijiji vya wavuvi viko kandokando ya maji hayohayo, na nyama ya kiboko aliyekufa haikosi wa kuitamani.

Kwa sampuli, funga kila pakiti mapema na uipe namba moja iliyochapishwa: jozi mbili za glovu, barakoa, vijiti viwili vya pamba kwenye mirija mikavu, slaidi mbili, wembe, mfuko wa kufunga, kalamu ya wino usiofutika. Kwa kinachoshukiwa kuwa kimeta, kata kidogo ncha ya sikio, gusa damu kwa kijiti, paka slaidi, basi. Slaidi hutiwa rangi ya polikromu methilini bluu, na bakteria huonekana kama vijiti vya buluu vyenye gamba la waridi. Baada ya siku moja hivi slaidi hupungua kuaminika, lakini kijiti kikavu bado kinafaa kwa PCR, kipimo cha maabara cha vinasaba, na hakihitaji barafu. Sampuli za virusi ndizo zinazodai baridi. Kwenye SMART, namba ya pakiti iwe sehemu ya lazima kujazwa. Bila hiyo utakuwa na majibu ya maabara upande mmoja na nukta za ramani upande mwingine, na hakuna wa kuziunganisha.

Mambo yanayoharibika mara kwa mara ni haya. Mzoga mmoja huhesabiwa na doria tatu, dawa yake ni kupiga rangi kwenye jiwe au mti wa karibu, na kuwa na swali la “umeshaandikwa?” ambalo jibu lake linauondoa kwenye hesabu. Nukta ya GPS ni mahali alipo askari, si ulipo mzoga. Kwa viboko walio katikati ya mto, au kwa mzoga ambao hutaki ausogelee, washa kipengele cha umbali na mwelekeo; kipo, ila vituo vingi havijakiwasha. Simu mbili zikiwa na matoleo mawili ya fomu, data zitakuja na sehemu tupu, hivyo andika tarehe ya toleo kwenye jina la fomu. Ukitaka kuondoa aina ya taarifa kwenye muundo wa data, izime, usiifute, la sivyo kumbukumbu za nyuma zinaondoka nayo. Taarifa kutoka kwa wafugaji na wavuvi ziingizwe kama tukio lisilo la doria, sehemu ambayo programu inayo tayari. Ukiziingiza ndani ya doria utaharibu hesabu ya mizoga kwa kilomita.

Kasoro kubwa zaidi haimo ndani ya programu, imo kwenye njia za doria zenyewe. Askari huenda kwenye ujangili. Kinamasi kisicho na tembo wala mitego kinaweza kukaa msimu mzima bila kufikiwa, na nyumbu wakafia humo. Kila mwezi toa ramani ya gridi ya kilomita zilizotembewa, itazame kwa kutafuta vyumba vitupu, upeleke japo doria moja huko. Ongeza pia kitufe cha “tumbusi wakizunguka”, kiwe rahisi kubonyeza kutoka kwenye gari.

Usitegemee SMART ipeleke taarifa serikalini. Ugonjwa ulio kwenye orodha ya shirika la afya ya wanyama duniani, WOAH, hutangazwa na mamlaka ya mifugo ya nchi kupitia WAHIS, mfumo wa taarifa wa shirika hilo, na tukio la dharura hutakiwa kutangazwa ndani ya saa 24 baada ya kuthibitishwa. SMART itakutolea jedwali la CSV na faili za ramani, na kupeleka ni kazi yako. Kwa upande huo EMA-i, programu ya simu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ina njia fupi zaidi kwenda kwa maofisa wa mifugo, na AfyaData, iliyotengenezwa na taasisi ya SACIDS pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, iliundwa tangu mwanzo kwa afya ya watu na wanyama pamoja. Zote mbili hazina hesabu ya mwendo wa doria. Kama ugonjwa unavuka mpaka wa hifadhi kwenda kwenye ng'ombe, na kimeta huvuka, utahitaji mojawapo pembeni ya SMART.

Kwa jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori yenye askari wachache wasiofanya doria za kila siku, SMART ni mzigo mkubwa kuliko kazi yenyewe. Chukua maswali yaliyo hapo juu, yaweke kwenye KoBoToolbox, programu ya kukusanya data kwa fomu, mpe kila askari nakala ya karatasi iliyokunjwa mfukoni, na umwombe aandike kila siku kilomita alizotembea hata kama hakukuta kitu.