Apu ya meditesheni kwa wajawazito, nimeitumia hadi nimejifungua
Nimeitumia tangu mimba ina miezi 5 mpaka sasa mtoto ana wiki 10 kwa hiyo naongea kitu nakijua. Mpango wao ni wa wiki 8, wamefuata ule mtindo wa kutuliza akili alioanzisha mwalimu wa meditesheni Jon Kabat-Zinn kule Marekani mwaka 1979, unafuatilia pumzi tu halafu unapitisha akili mwilini toka vidole vya miguu hadi kichwani. Mwanzoni nilicheka nikasema hapa nitalala tu, na kweli siku tatu za kwanza nililala 😂 ila zile usiku mtoto anapiga mateke na mawazo ya leba yanazunguka kichwani ilinisaidia sanaaa. Na leba yenyewe, uchungu haukuondoka jamani msidanganywe, ila nilijua kutoa pumzi taratibu badala ya kukaza mabega na taya.

Shida ni baada ya kujifungua. Somo la dakika 30 na kichanga mikononi, nani anaweza?? Nikaishia kufanya zile za dakika 3 nikiwa nanyonyesha, hizo ndo zilinifaa, na ziko mbili tu. Alafu mwezi wa mwisho wanakwambia ulale chali wakati kliniki wanasisitiza ulalie ubavu, warekebishe hapo. Pia hawasemi popote kwamba huzuni ikipita wiki 2 baada ya kuzaa umuone daktari, hiyo sio ya kupumua tu ikaisha.

Kipindi cha mimba nawapa nyota 4, baada ya kujifungua 2.